Mkurugenzi Nisiyeruhusiwa Kumtazama

Kuna jengo moja pale Westlands ambalo mpaka leo nikilipita nageuza uso, na msidhani nina kesi na mtu humo ndani, hapana, ni aibu tu, aibu niliyojitafutia kwa mikono yangu miwili nikiwa na akili timamu na suti ya kuazima. Nimeificha habari hii miaka mingi. Lakini kwa kuwa Nasimiyu ameshaanza kuwadokezea (mke wangu akishiba hajui kufunga mdomo), afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana akisimulia yeye huwa nimeanguka mara mbili, na ukweli ni kwamba nilianguka mara moja tu.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwisho. Mimi nilikuwa fundi wa rangi, na ofisi yangu ilikuwa ukingo wa barabara pale Adams Arcade, mahali ambapo mafundi wa kila aina tulikaa asubuhi tukingoja mtu mwenye pikapu asimame, ashushe kioo, aseme "nataka wawili", na sisi kumi na watano turuke. Ukichukuliwa, leo una kazi. Kesho unarudi kukaa. Nilikuwa na brashi tatu nzuri, ngazi moja niliyoifunga kwa mnyororo nyuma ya kibanda cha chai, na mikono ambayo, nisijisifu sana, ilijua kupaka kona ya dari bila kuangusha tone.

Mama mkwe wangu hakuzijali brashi zangu. Mwalimu Rasoa wa Kimilili, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na kuwachapa nusu ya machifu wa huko kwetu walipokuwa wadogo, aliposikia mkwe wake anakaa kando ya barabara akingoja kuokotwa, alisema sentensi moja tu: "Binti yangu ameolewa na kibarua." Sentensi hiyo ilipanda basi ikanifikia Nairobi ikiwa nzima kabisa. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Na sikuweza kwenda kujitetea, maana sisi Wabukusu, kwa wale msiojua, mama mkwe na mkwe wake hawakutani hivi hivi. Nikimwona njiani, naingia kichakani. Yeye akiniona, anajitanda leso usoni na kugeuka. Hakuna kupeana mkono, hakuna kukaa chumba kimoja, hakuna kula meza moja, na hata aje Nairobi mara mia hawezi kulala chini ya paa langu. Si chuki jamani, ni heshima, na heshima yenyewe ilikuwa imetunzwa vizuri hivi kwamba katika miaka sita ya ndoa nilikuwa nimemwona mara mbili tu, na mara zote mbili niliona mgongo.

Basi akatokea Mzee Balwant. Huyu alikuwa Singasinga wa makamo, mwenye ndevu nyeupe na kalamu tatu mfukoni, aliyekuwa akijenga nyumba kumi na nne kule Loresho. Alikuwa amenichukua siku mbili kupaka geti la dada yake, akaridhika, na siku ya pili jioni akaja akasimama chini ya ngazi yangu.

"Wafula, hii geti iko safi. Sasa mimi nataka wewe upake nyumba yote kumi na nne."

Nilishuka ngazi nikikosa vidato.

"Lakini sikiza," akasema. "Sitaki kibarua. Kibarua mimi naandika kwa daftari, asubuhi natafuta yeye kama hajakuja, akiwa mgonjwa ni shida yangu. Nataka kontrakta. Wewe lete watu yako, lete ngazi yako, panga kazi vile unajua, sisi tunaandikiana mkataba kwa wakili. Enda tu town, chukua cheti ya jina la biashara, basi."

Jina la biashara, basi. Nawaomba muyashike maneno hayo, kwa sababu mimi sikuyashika.

Niliingia mjini Jumatatu. Nje ya ofisi ya msajili kulikuwa na wapiga taipu waliokaa na mashine zao juu ya meza ndogo, na mmoja wao, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniuliza swali ambalo ndilo chanzo cha balaa lote: "Jina la biashara, ama limited?"

"Tofauti ni gani?"

Akavua miwani. "Jina la biashara ni wewe mwenyewe umevaa kofia. Ukikosea, unashikwa wewe, hata kitanda chako kinaweza kuchukuliwa. Limited ni mtu mwingine kabisa. Anazaliwa hapa, ana jina lake, ana mhuri wake, akikosea anashtakiwa yeye. Hata wewe ukifa, yeye anaendelea."

"Na fundi wa rangi anahitaji ipi?"

"Fundi wa rangi?" Akaniangalia viatu. "Jina la biashara. Fomu moja, mtu mmoja, unasaini unaenda."

Sasa hapo mtu mwenye busara angesaini aende. Lakini pale Adams Arcade kulikuwa na fundi mwenzangu, Mutiso, aliyekuwa ameandika kwenye sanduku lake la vifaa MUTISO & SONS (na Mungu anajua Mutiso alikuwa na mabinti watano na hakuna mvulana hata wa dawa), na watu wenye pikapu walikuwa wakisoma sanduku lile na kumchukua kwanza. Nikawaza, kama "sons" wasiokuwepo wanafanya kazi hivyo, "limited" itafanya nini? Na zaidi ya hayo nikawaza Kimilili. Nikaiona barua yenye kichwa kilichochapishwa ikifunguliwa mezani kwa Mwalimu Rasoa. Kibarua hana mhuri.

"Andika limited," nikasema.

"Limited inataka watu wawili," akasema yule mzee, tayari ameshaingiza karatasi kwenye mashine. "Mwenzako ni nani?"

Nilienda nyumbani Kawangware kulala na swali hilo. Kaka yangu nilimwogopa, maana huyo akipewa ukurugenzi wa chupa hupoteza chupa. Rafiki yangu Otieno angekuwa bosi wangu kufikia Ijumaa. Nasimiyu mwenyewe alikuwa ndiye wa haki, na leo nakiri hivyo mbele yake, lakini wakati huo niliogopa kuoa mkurugenzi: ningeingia nyumbani jioni nimechoka nikute mkutano.

"Basi muweke Mama," Nasimiyu akasema, akichambua mboga. Alisema kwa mzaha.

Mimi nikaona ni ufunuo. Fikirieni wenyewe: mtu msomi, mwenye kitambulisho, mwenye saini nzuri ya mwalimu, anayeishi mbali, na juu ya yote, mtu ambaye kwa mila haruhusiwi kuingia chumba nilichomo! Ni mkurugenzi gani mwingine duniani ambaye hawezi kabisa kuja kukuuliza maswali? Nilicheka peke yangu kwa werevu wangu. Nasimiyu alipoenda nyumbani likizo akabeba fomu, zikarudi zimesainiwa kila mahali kwa wino wa buluu, na mimi nikadhani mama wa watu amesaini kwa sababu binti yake amemwonyesha pa kusaini. Chetambe Decorators Limited, jina la kilima cha kwetu, ikazaliwa. Niliutengeneza mhuri, nikaugonga kwenye kila karatasi iliyokuwa nyumbani, hata kwenye kalenda.

Mzee Balwant alipoiona ile hati alikuna ndevu. "Limited? Haya. Nitamwambia wakili."

Na wakili akajibu kwa barua. Wakili mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kihindi, Bi. Nalini, ofisi yake ghorofa ya nne Westlands, mtu mpole ambaye hakuachilia nukta ipite bila kuichunguza. Barua ilisema kwa kuwa mkandarasi ni kampuni, wakurugenzi wote wawili wafike wenyewe, Jumatano saa nne asubuhi, mhuri ugongwe mbele yao na mbele yake. Kama hawawezi kufika wote, mteja wake atatafuta mkandarasi mwingine.

Niliisoma barua ile mara tatu, nikakaa kitako. Nilikuwa nimeshawaambia mafundi watano waache kukaa barabarani. Mmoja alikuwa ameshanunua ovaroli.

Tukapiga telegramu Kimilili. (Nasimiyu alisisitiza tuongeze maneno HAKUNA MSIBA, maana telegramu siku hizo ilikuwa na maana moja tu, na hata hivyo nasikia majirani walishaanza kulia mwenye baiskeli ya posta alipokata kona.) Mwalimu Rasoa akaja na basi la mchana, akalala Kangemi kwa mpwa wake, na mpango ukapangwa kama wa vita: Nasimiyu amlete mama yake ofisini mapema, waingie chumba cha ndani, mimi nije baadaye, nikae mapokezi, karatasi zitembee katikati.

Tatizo ni kwamba nilitaka kuwahi. Nilivaa suti ya jirani, mikono ikiishia karibu na kiwiko, na nikabeba kibao changu cha rangi, yaani ubao wa plaiwudi wenye upana wa meza ndogo ambao nilikuwa nimeupaka mistari ya rangi zote ninazojua kuchanganya, ili Mzee Balwant achague. Alfajiri ile nilikuwa nimekumbuka kwamba mke wake anapenda kijani, nikaongeza mstari wa kijani wa mwisho, rangi ya mafuta, nikiwa na imani kwamba itakauka njiani.

Niliingia kwenye lifti pamoja na tarishi mwenye mafaili na mama mmoja wa benki. Milango ilikuwa inajifunga. Nikasikia sauti ninayoijua, "Ngojeni!", mkono wa Nasimiyu ukaingia, milango ikafunguka, na nyuma ya Nasimiyu nikaona leso, na mkoba mweusi wa kanisani, na kiatu.

Sikuona zaidi. Niliruka kona ya lifti nikageukia ukuta na kujifunika kibao usoni, puani kabisa, kama mtoto anayedhani akifumba macho haonekani. Mwalimu Rasoa naye aligeukia kona ya pili, nikasikia leso ikivutwa. Nasimiyu akanong'ona kwa Kibukusu, "Usigeuke," kana kwamba nilikuwa na nia hiyo. Yule mama wa benki akamwuliza tarishi polepole, "Kwani huyu ako na nini?" na tarishi akajibu, "Madam, wacha tu tufike." Nilihisi kitu baridi puani, nikadhani ni jasho.

Ghorofa ya nne wakashuka. Mimi nilipanda mpaka juu kabisa, nikarudi kwa ngazi.

Nilipofika mapokezi nikakuta Nasimiyu anaondoka mbio (alikuwa mpishi katika shule moja Lavington na alishachelewa), akanitazama usoni, akafungua mdomo, akaangalia saa, akasema, "Nyinyi ni watu wazima," akaenda. Nikasimama koridoni nikijiambia mpango bado upo. Mlango wa jirani ulikuwa wa daktari wa meno, nesi akatoa kichwa akaniangalia kwa huruma: "Ni wewe wa kung'oa? Usiogope, ingia."

"Hapana, mimi ni mkurugenzi," nikasema.

Akafunga mlango taratibu.

Bi. Nalini akaja mwenyewe kuniita, akanitazama pua kidogo, kisha akaangalia pembeni. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mimi nitasainia hapo nje, koridoni, na mwenzangu asainie ndani. Akasema haiwezekani, mhuri unagongwa mbele ya wote, chumba kimoja. Nikasema mlango ukiwa wazi si ni chumba kimoja? Akasema, "Bwana Wafula, hiyo ni koridoni ya daktari wa meno. Ingia tafadhali."

Ningefanya nini? Niliingia kinyumenyume. Ndiyo, kinyumenyume, kisogo mbele, nikipapasa kiti kwa mkono mmoja na kibao nimekishika kwa mwingine, mpaka nikagonga meza, nikakaa, nikasimamisha kibao magotini kati yangu na dirisha ambako nilijua, kwa harufu ya sabuni ya Kimilili, kwamba Mwalimu Rasoa amekaa naye amewageuzia watu mgongo.

"Wafula," akasema Mzee Balwant, "kwa nini unaingia kama lori inaegesha?"

Bi. Nalini akapanga karatasi zake, akasema, "Vizuri, wakurugenzi wote wapo. Peaneni mikono tuanze."

Hakuna aliyesogea.

"Hamsalimiani?"

Mimi nikakisogeza kibao karibu zaidi na uso.

Basi Bi. Nalini akaweka kalamu chini, na sauti yake ikabadilika. "Bwana Balwant, siwezi kukushauri usaini. Hawa watu wamekosana. Kampuni ambayo wakurugenzi hawawezi hata kutazamana haitamaliza nyumba mbili, sembuse kumi na nne. Samahani." Na nikasikia, nyuma ya ubao wangu, sauti ya faili likifungwa.

Niliwaona wale mafundi watano wakirudi kukaa ukingoni mwa barabara, yule mmoja akiwa na ovaroli yake mpya, na mimi katikati yao, na safari hii Mwalimu Rasoa ameshuhudia kwa macho yake, au tuseme kwa mgongo wake. Nilitaka kumwonyesha kwamba mimi si kibarua, na nilikuwa nimemsafirisha siku nzima kuja kuona nikifukuzwa.

"Mzee," nikasema, "hatujakosana. Huyu ni mama wa bibi yangu."

Nikasikia kiti cha Mzee Balwant kikisukumwa nyuma. "Nani? Mama ya bibi yako? Wewe Wafula umeweka mama mkwe kuwa mkurugenzi?" Na akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, akipiga meza. Mimi sikujua kwamba Mzee huyu alizaliwa Webuye, baba yake alikuwa na mashine ya kupasua mbao huko, na alikuwa amecheza utotoni na watoto wetu mpaka mila zetu akazijua kuliko sisi tuliokulia mjini. Aligeukia dirisha akamsalimu kwa Kibukusu, kwa adabu kabisa, "Mulembe, mama."

"Mulembe," ikajibu sauti ya darasani.

"Nalini, fungua faili," akasema Mzee. "Hawa hawajakosana. Hawa wanaheshimiana mpaka wanaumia. Mimi nitakuwa katikati."

Na ndivyo mkutano wa kwanza wa Chetambe Decorators Limited ulivyofanyika. Mimi na mkurugenzi mwenzangu tulikuwa umbali wa hatua tatu tu, tukisikiana hata pumzi, lakini kila neno lilipita kwa Mzee Balwant, ambaye alilirudia lote kwa raha kubwa.

Bi. Nalini akasukuma mkataba upande wangu. Nilichukua kalamu. Ulikuwa kurasa sita za Kiingereza kizito na mimi, kwa kuwa kontrakta mkubwa hasomisomi mbele za watu, nikafungua ukurasa wa mwisho moja kwa moja.

"Mwambie huyo aliye nyuma ya ubao," ikasema sauti ya dirishani, "asisaini kabla ya kusoma ukurasa wa tatu."

"Wafula, anasema usome ukurasa wa tatu."

"Mwambie mama nimeshasoma."

"Anasema ameshasoma."

"Mwambie atueleze unasema nini."

Mzee Balwant hakulirudia hilo. Alikohoa tu. Nikafungua ukurasa wa tatu nyuma ya kibao changu, maneno yakinitoroka, jasho likinitiririka, nikatafuta neno la "rangi" angalau, na sikusema kitu, na kunyamaza kwangu kukasikika chumba kizima. Darasani kwa Mwalimu Rasoa nadhani watoto wengi wameshawahi kunyamaza hivyo.

"Nimesoma," nikasema mwishowe, "lakini sijasoma."

"Basi nitawasomea," akasema, na hakukuwa na ukali. Akafungua mkoba (alikuwa amepewa nakala yake asubuhi, na huku mimi nikipanda lifti na kushuka ngazi yeye alikuwa ameshaimaliza na kuipigia mistari). "Hapa wameandika mkandarasi atarudia kupaka kila ukuta mpaka mwenye nyumba aridhike. Muulizeni wakili: kuridhika kunapimwa na nini? Mwenye nyumba akiota ndoto mbaya, akaamka hajaridhika, ukuta unarudiwa? Mara ngapi? Huyu mkwe wangu atapaka nyumba hizi mpaka awe babu."

Nikasikia Bi. Nalini akivuta pumzi, kisha akicheka kidogo. Mzee Balwant akasema kweli, hiyo iko mbaya, hata yeye hakuona. Wakabishana kidogo, na mwalimu, bila kugeuka, akatoa maneno ya kuwekwa mahali pake: mwenye nyumba akague ndani ya siku saba, kasoro ziandikwe, zirekebishwe mara moja, kazi iishe. Bi. Nalini akayaandika kwa mkono pembeni. Nilikuwa nimejaa shukrani kiasi kwamba niliinuka nusu, ili nimwambie Mzee amwambie mama asante, na hapo ndipo mguu wangu ulipojikwaa kwenye mguu wa kiti.

Nilianguka (mara moja, Nasimiyu, mara moja) kibao kikatangulia, kikapiga ukuta mweupe wa wakili na kuuachia mstari mrefu wa kijani, mimi nikatua kwa magoti mbele ya dirisha, na Mwalimu Rasoa aliposikia mshindo aliinuka na kugeuka kama mzazi yeyote angegeuka. Tukatazamana. Macho kwa macho, mara ya kwanza katika miaka sita, na mimi pua yangu nzima, na paji la uso, na nyusi moja, vikiwa vya kijani tangu kwenye lifti. Ndipo nikaelewa yule nesi.

Nilifumba macho. Nilisubiri mayowe. Nilijua nimevunja kitu ambacho babu zangu walikitunza, na nikatamani sakafu ipasuke.

Nikasikia kicheko. Si cha Mzee Balwant. Kilikuwa kicheko chembamba, kinachozuiwa kwa leso na kukataa kuzuiwa, na nilipochungulia nilimwona mama wa watu ameshageukia dirisha tena, mabega yakitikisika. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua mkoba, akatoa hanchifu nyeupe iliyopigwa pasi, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akampa Mzee Balwant.

"Mpe mkurugenzi mwenzangu," akasema, "ajifute pua."

Si kibarua. Si hata mkwe. Mzee akanipa ile hanchifu na hakuwa na haja ya kurudia maneno, maana niliyasikia vizuri, na nikishajifuta pua nilijifuta macho pia, mkitaka mnicheke.

Tukasaini. Mhuri ukagongwa. Bi. Nalini akiwa anakusanya karatasi ndipo akaniuliza, kwa upole tu, "Lakini Bwana Wafula, kwa nini hukuchukua jina la biashara? Ungesaini peke yako. Bwana Balwant hakuhitaji zaidi."

Nilijifuta pua tena. Kazi ya kwanza ya Chetambe Decorators Limited ikawa kupaka ukuta wa wakili, na mwalimu alitaka hata hiyo iandikwe: ukuta mmoja, mara moja.

Nyumba kumi na nne tulizimaliza, yule wa ovaroli akiwa msimamizi, na kampuni ipo mpaka leo. Kila Desemba tunafanya mkutano mkuu Kimilili: mimi barazani, mwalimu ndani, ukuta katikati, Nasimiyu mlangoni akiandika. Mwaka mmoja wazee walishauri nipeleke mbuzi na blanketi ili mwiko uondolewe, tuweze kusalimiana kama watu wengine. Niliiweka hoja mbele ya mkutano. Sauti ikatoka ndani ikasema inapinga, heshima ikiondoka kampuni itabaki na nini, na kwa kuwa tuko wawili na kura zilikuwa sawa, hoja ikaanguka.

Kwa hiyo nimeapa: sisaini kitu ambacho sijasoma, na mtu akiniambia jina la biashara linatosha, linatosha. Ile hanchifu bado ninayo, nimeikunja kwenye droo pamoja na mhuri. Nimeifua mara nyingi lakini kijani kimekataa kutoka, na kuirudisha nimeshindwa, kwa sababu kitu kama kile ni lazima umpe mwenyewe mkononi.